Mkataba wa servisi ya gari: nimeusoma wote, nimeutumia, haya maoni yangu

Wadau, naona watu wanauliza sana kama hii mikataba ya servisi ya gari inalipa au ni kupigwa tu, na majibu yanayokuja ni yale yale, mmoja anasema usinunue ni wezi, mwingine anasema mi walinilipa giaboksi nzima, hakuna anayekwambia ndani kumeandikwa nini. Mi ninao, wa gari iliyoshatoka kwenye waranti ya kiwandani, nimeshaomba malipo zaidi ya mara moja, kuna nilicholipwa vizuri, kuna nilicholipwa kwa kukatwa katwa na kuna nilichokataliwa. Kampuni siitaji, maana kabla ya kuchagua nilisoma na mikataba ya wenzao na maneno yanafanana mno, kwa hiyo ninachopima hapa ni masharti yenyewe na siyo nembo iliyoko juu ya karatasi.

Tuanze na kitu ambacho wauzaji hawakisemi wazi. Huu siyo waranti. Waranti inakuja na gari, umeshailipia ndani ya bei utake usitake. Mkataba unaununua pembeni kwa hela yako, na hawa jamaa hawakumwagii oili wala kukubadilishia filta, hiyo servisi ya kawaida inabaki juu yako, wao wanaingia pale kitu kinapokufa, na wanaingia kwa sharti kwamba ile servisi ya kawaida uliifanya kwa wakati na karatasi unazo. Sharti hilo ndo limebeba mkataba mzima. Orodha ya vinavyolipwa inaweza kuwa ndefu vipi, kama hukutimiza upande wako haina kazi.

Orodha yenyewe nitaipita haraka. Kuna mikataba inayotaja vitu vinavyolipwa kimoja kimoja, injini, giaboksi, difu, kisichotajwa hakipo. Na kuna ile inayosema inalipa kila kitu isipokuwa hivi, hapo unasoma orodha ya visivyolipwa. Hii ya pili ni nzuri zaidi na bei yake iko juu, wangu ni huo. Visivyolipwa karibu kila mkataba ni vile vile: pedi na diski za breki, sahani ya klachi, wipa, tairi, betri, balbu, mikanda, hozi, vioo, rangi, na shokapu kwenye mingi. Ajali na mafuriko hapana, hiyo ni kazi ya bima. Mashindano hapana. Gari ya kubebea abiria au mizigo kwa malipo hapana, labda ununue kipengele chake, na hapa wanaofanya kazi za kusafirisha kwa zile programu za simu wanaumia sana maana wengi hawasemi wakati wa kununua alafu inakuja kujulikana siku ya madai kwa kilomita tu, gari ya kwendea kazini haiwezi kutembea vile.

Sasa ukurasa wa majukumu ya mwenye gari. Kwenye mkataba wangu ni nusu ukurasa hivi, herufi ndogo, umewekwa huko nyuma baada ya mambo yote matamu, na aliyeniuzia aliupita kama haupo. Lakini siku ukipiga simu kuomba malipo ndo ukurasa wanaoufungua wa kwanza. Hawakuulizi nini kimeharibika, wanakuuliza saivi gari ina kilomita ngapi, servisi ya mwisho ulifanya lini, tutumie risiti. Na wanataka mfululizo, siyo moja. Kuanzia siku uliyosaini mpaka leo.

Risiti wanayoikubali ina tarehe, kilomita zilizosomeka siku hiyo, namba ya chasisi au walau namba ya gari, jina la gereji, aina ya oili na lita zilizoingia, na filta. Ile risiti iliyoandikwa "servisi" na bei chini basi haitoshi, watakurudisha. Kwa hiyo ukienda gereji mwambie fundi kabla hajaanza kwamba unataka vitu hivyo viandikwe, usisubiri amalize ndo uanze kumfukuzia na karatasi, na ukishaipata ipige picha siku hiyo hiyo maana hizi risiti za mashine zinafutika wino, ukiiweka kwenye kisanduku cha dashibodi kule kwenye joto baada ya muda unatoa karatasi nyeupe.

Wanaojifanyia servisi wenyewe nyumbani, someni vizuri kabla ya kulipa. Mkataba wangu unaruhusu, ila unataka risiti ya kununulia oili na filta pamoja na daftari lenye tarehe na kilomita, na vinatakiwa vilingane. Huwezi kuleta risiti moja ya dumu kubwa ukasema ilitosha servisi zote wakati hesabu ya lita inakataa. Mi napiga na picha ya dashibodi siku hiyo inayoonyesha kilomita, hawaiombi lakini naona inafunga mjadala. Kuna mikataba mingine niliyosoma imekataa kabisa servisi ya nyumbani, inataka gereji yenye leseni, na kuna iliyotaka uende kwa muuzaji huyo huyo. Hiyo ya mwisho niliiacha pale pale.

Hapo kwenye nani afanye servisi watu huwa wanachanganya kitu. Marekani wana sheria ya waranti ya mwaka 1975, Magnuson-Moss, inayomkataza mtengenezaji kukufungia waranti eti mpaka servisi ufanye kwake au utumie spea zenye jina lake, isipokuwa kama anakupa bure. Watu wanaichukua hiyo wanaiweka juu ya kila karatasi. Katazo hilo linazungumzia waranti inayokuja na gari, na huu ni mkataba ulionunua kando, kwa hiyo kilichoandikwa kuhusu gereji ndani ya karatasi uliyosaini ndo cha kusoma kwanza.

Kipengele kilichonipa shida kuliko vyote ni sentensi moja tu: gari ifanyiwe matengenezo "kwa mujibu wa maelekezo ya mtengenezaji". Inaonekana iko wazi. Haiko wazi hata kidogo, kwa sababu fungua kitabu cha gari yako utakuta ratiba mbili, moja ya matumizi ya kawaida na moja ya matumizi magumu, na hiyo ya magumu mara nyingi inakata muda wa oili karibu nusu. Alafu soma matumizi magumu ni yapi: safari fupi fupi ambazo injini haipati moto vizuri, foleni, vumbi, joto kali, kuvuta tela, kubeba mzigo, kuacha gari inaunguruma imesimama muda mrefu. Sasa niambieni nani anaendesha gari na hayumo humo? Mi nilimuuliza muuzaji ratiba ipi inahesabika, hakujua, akanipa simu ya huduma kwa wateja, dada wa huko akanisomea sentensi ile ile kama ilivyo. Nikaandika barua pepe, nikasema nataka jibu la maandishi, wakajibu baada ya kusumbuana kwamba ni ratiba inayolingana na matumizi halisi ya gari. Yani mtathmini wao, yule wanayemtuma kukagua gari kabla ya kulipa, akija kuona vumbi kwenye filta ya hewa anaweza kusema we ulitakiwa ufuate ile ngumu. Kwa hiyo nafuata ngumu na nimeacha kubishana. Gharama ya oili ya ziada ni ndogo kuliko injini, lakini nimewakata nyota hapo, maana mtu anayelipa anastahili kuambiwa kwenye karatasi na siyo kwa barua pepe ya kuomba omba.

Na oili yenyewe iwe ile iliyoandikwa, siyo oili tu. Kama kitabu kinasema 0W-20 (hizo namba ni wepesi na uzito wa oili) na kiwango fulani cha API au ACEA (alama za ubora wa oili), risiti ikionyesha 20W-50, ambayo ni nzito zaidi, umewapa sababu bure. Fundi wengi watakwambia nzito ndo inalinda injini ya zamani, na mimi sipendi kubishana na fundi, ila aliyeandika kitabu ndo aliyetengeneza zile njia nyembamba za oili kule kwenye vavu na turbo, na mtathmini anasoma kitabu.

Mkanda wa taimingi nao uangalie. Gari nyingi zenye mkanda wa mpira wanasema ubadilishwe kwenye kilomita laki moja hivi, nyingine chini ya hapo na nyingine zaidi, na kuna kikomo cha miaka pia ambacho watu wanakisahau, gari ikitembea kidogo mtu anaona bado. Ukikatika kwenye injini ambazo pistoni na vavu zinapishana nafasi moja, vavu zinapinda zote. Hapo mkataba utasema mkanda ni kitu cha kubadilisha kwa ratiba, hukubadilisha, vavu ni juu yako. Kulanti, yale maji ya kupozea injini, vile vile, oili ya breki vile vile (hii inanyonya unyevu kutoka hewani hata gari ikiwa imepaki, ile ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi 230 lakini ikishanyonya maji inaruhusiwa kushuka mpaka 155, ndo maana wanataka ibadilishwe kwa miaka na siyo kwa kilomita tu). Ya giaboksi ina kichekesho chake, kuna watengenezaji wanaandika ni ya maisha ya gari, hakuna ratiba, kwa hiyo hakuna wa kukulaumu usipobadilisha, ila mi nilibadilisha na kutunza risiti na nitawaambia ilinisaidia wapi.

Kuna majukumu mawili mengine ambayo siyo servisi, na haya ndo yanaua madai mengi makubwa. Moja, kuangalia oili na maji kati ya servisi na servisi. Kuwa na risiti za kumwaga oili kwa wakati hakukuokoi kama injini imekufa ikiwa na lita moja ndani, watasema ulitakiwa kuchomoa stiki uangalie. Na gari kula oili peke yake wengi hawalipi, maana hiyo wanaita kupungua nguvu kidogo kidogo kwa umri na siyo kuharibika, na kuna watengenezaji wenyewe wanasema lita moja kwa kilomita elfu moja na kitu bado ni sawa. Kwa hiyo ukiwa na gari inayokula, kazi yako ni kuijazia, na uandike.

La pili, kuzima gari. Taa nyekundu ya presha ya oili ikiwaka au mshale wa joto ukipanda, mkataba unasema simama, zima, ita gari ya kuvuta. Hausemi jikongoje mpaka nyumbani. Uharibifu ulioongezeka kwa sababu uliendelea kuendesha ni wako wote hata kama kilichoanza kuharibika kilikuwa kinalipwa. Na msidhani hawajui. Gari zinazotumia mfumo wa OBD-II, yani kompyuta ya gari inayojipima na kurekodi makosa, ambao Marekani umekuwa lazima kuanzia modeli za 1996, zikirekodi kosa zinahifadhi na hali ya injini ya wakati ule, joto la maji lilikuwa ngapi, mizunguko mingapi, spidi ngapi. Na nyingi zina hesabu ya umbali uliotembea taa ya injini ikiwa inawaka. Yani unamwambia mtathmini "ilivyowaka tu nikasimama" wakati mashine yake inasoma umetembea nayo kilomita mia tatu. Nimemwona fundi akinionyesha kwenye gari ya mtu mwingine, aibu tupu.

Sasa kwenye madai yangu. La kwanza lilikuwa pampu ya maji, ilianza kuvuja pale kwenye shafti, nikaona maji yanapungua, nikapeleka kabla haijachemsha. Wakalipa. Pampu walilipa, saa za kazi walilipa kwa kitabu chao cha saa, yani kitabu kikisema kazi hii ni saa mbili na fundi wako ametumia tatu na nusu kwa sababu bolti zilikuwa na kutu, ile ya ziada ni yako. Na bei ya saa nayo ina ukomo, gereji yangu inachaji juu ya ukomo wao kwa hiyo tofauti nikatoa mfukoni. Mkanda uliotolewa ili kufikia pampu nikanunua mwenyewe. Kulanti mpya walilipa kwa vile kazi haiwezi kufanyika bila kuimwaga. Ukijumlisha na ile sehemu ya kuchangia ambayo unatoa kila dai, nilichookoa hakikuwa kikubwa nilivyotarajia. Na hapo kwenye kuchangia tazameni sana neno moja, kuna mikataba unachangia kwa kila ujio gereji na kuna unachangia kwa kila kitu kinachotengenezwa. Gari ikiingia na vitu vitatu, huyu wa pili anakukata mara tatu. Wangu ni kwa ujio, nilihakikisha kabla.

La pili ndo kubwa, giaboksi. Ilianza kuchelewa kubadili gia ya tatu, alafu ikawa inapiga kishindo. Fundi alipoipima kwenye mashine akasema, "Bosi, hii lazima niifungue, ila usinipe ruhusa kabla hujaongea na hao watu wako." Huyo fundi Mungu ambariki maana kufungua kabla ya kibali ni kosa ambalo halina rufaa, mkataba wowote utakaousoma una kipengele cha kibali kabla ya kazi, ukitengeneza kwanza ukaomba baadaye hulipwi hata kama kitu kilikuwa kinalipwa wazi wazi. Isipokuwa dharura usiku au sikukuu ofisi zikiwa zimefungwa, na hapo kuna ukomo wa hela, na spea mbovu unatakiwa uitunze waione.

Wakasema sawa afungue, ila mimi ndo nasaini ruhusa ya kufungua, na ikionekana sababu ni kitu kisicholipwa gharama ya kufungua na kufunga ni yangu. Hiki kipengele kinauma na watu hawakijui. Giaboksi iko chini, imefumuliwa, gari haitembei, na hujui bado nani atalipa. Wakamtuma mtathmini wao, kijana mstaarabu tu, akapiga picha, akachukua oili kidogo kwenye chupa, akaangalia sumaku ya karta, lile bakuli la oili la chini, imeshika vyuma kiasi gani, akaomba risiti. Nikampa zote na ile ya kubadilisha oili ya giaboksi ambayo haikuwa hata lazima. Alipoiona ile akasema hiyo imempunguzia maswali, maana oili ikiwa nyeusi inanuka kuungua swali linakuwa ulikuwa unavuta tela au la.

Wakakubali. Siyo giaboksi mpya, waliweka iliyofanyiwa matengenezo kiwandani, mkataba unawaruhusu kuleta mpya, iliyotengenezwa upya au ya mtumba yenye ubora unaolingana, na chaguo ni lao siyo lako. Kuna watu wanakasirika hapa, mi sikuona shida, ilikuja na waranti yake. Shida yangu ilikuwa muda. Gari ya kukodi wanalipa kwa siku chache tu, na siku zinahesabiwa kwa saa za kazi za kwenye kitabu, siyo siku gari ilivyokaa gereji ikisubiri mtathmini na spea. Kwa hiyo muda mwingi nilitembea kwa gharama zangu. Huduma kwa simu ilikuwa ya heshima lakini kila ukipiga unapata mtu mpya unaanza kusimulia upya, andikeni namba ya dai na jina la kila mliyeongea naye na tarehe.

Ukomo wa malipo nao upo. Kwa dai moja wangu hauzidi thamani ya gari sokoni siku ile, na jumla ya madai yote isizidi bei niliyonunulia gari. Gari ikizeeka thamani inashuka, kwa hiyo injini ile ile inayolipika mwaka wa kwanza inaweza isilipike yote mwaka wa nne wakati bei ya mkataba ulishatoa. Hili sikuona muuzaji yeyote akilitaja.

Nilichokataliwa ni shokapu za nyuma, na hapo sina lawama, imeandikwa. Ila nikasoma tena kwa hasira nikagundua kitu kingine ambacho kinanisumbua mpaka leo, kipengele cha uharibifu unaosababishwa na kitu kisicholipwa. Angalia inavyofanya kazi. Hozi ya rejeta hailipwi, ni mpira, inachakaa. Silinda hedi inalipwa. Hozi ikipasuka, maji yakatoka, gari ikachemsha, hedi ikapinda na gasketi ikaungua, wanasema chanzo ni hozi na hozi haimo, kwa hiyo hedi nayo haimo. Hata kama ulisimama hapo hapo. Kitu cha bei ndogo kabisa kwenye injini kinaweza kukufungia nje ya malipo makubwa kabisa. Kwa hiyo mi saivi hozi, mikanda, kifuniko cha rejeta na thamostati nabadilisha mapema bila kusubiri, narekodi, na fundi ananicheka. Kwenye kipengele hiki mkataba wangu ni mbaya na wa wenzao ni hivyo hivyo, isipokuwa mmoja niliosoma uliokuwa unalipa uharibifu unaofuatia hata kama chanzo ni kitu kisicholipwa, bei yake ilikuwa juu na saivi naona ilikuwa halali.

Mwenzangu mmoja yeye alikataliwa injini kwa uchafu ule mzito mweusi wa oili iliyoganda, walifungua kifuniko cha vavu wakapiga picha mbili, basi. Ule uchafu unaziba chujio la pampu ya oili na njia za juu, kamshafti na turbo zinakosa oili zinakufa. Alikuwa na risiti lakini zilikuwa na pengo refu katikati, na gari aliinunua mtumba na hakujua aliyetangulia aliitunzaje. Hapo kuna swali gumu ambalo mikataba inalijibu upande mmoja, matatizo yaliyokuwepo kabla ya kusaini hayalipwi, na anayetakiwa kuthibitisha unakuwa we. Ndo maana pia ukinunua baada ya kununua gari wanakuwekea muda wa kusubiri, ya kawaida ni siku 30 na maili 1,000, karibu kilomita 1,600, chochote kikifa humo hakihesabiki. Ukiwa unanunua gari mtumba, kabla ya kusaini ipeleke ikapimwe, wafungue kifuniko cha oili wamulike ndani, wapime mgandamizo wa injini, upate karatasi yenye tarehe. Hiyo karatasi itakuwa risiti yako ya kwanza.

Matangazo sasa. Jamani, hakuna mkataba unaolipa kila kitu. Mwezi Julai 2024 kule Marekani CarShield na msimamizi wa mikataba yao, American Auto Shield, walikubali kulipa dola milioni 10 kumaliza kesi ya tume ya biashara ya serikali, FTC, iliyodai kwamba matangazo yao yaliwafanya watu waamini matengenezo yote yatalipwa na gereji yoyote wanayotaka itakubali, wakati wateja wengi walikuta sivyo. Na hilo la gereji ni kweli la kuuliza mapema, piga simu kwa fundi wako umuulize kama anafanya kazi na kampuni hiyo, maana wengine wamechoka kusubiri vibali na malipo wanakataa gari zenye mikataba. Aliyekuuzia akikuahidi kitu kwa mdomo mwambie aandike kwenye karatasi, kila mkataba una sentensi ya mwisho mwisho inayosema makubaliano ni yaliyomo humu tu.

Na mtazame nani hasa anayelipa. Anayeuza ni mmoja, anayepokea simu za madai ni mwingine, na anayewajibika kulipa anaweza kuwa wa tatu, nyuma yake kuna kampuni ya bima. Kwenye wangu jina la kampuni ya bima limeandikwa pamoja na namna ya kuwafuata moja kwa moja kama msimamizi halipi ndani ya siku zilizotajwa. Nyota moja nawapa kwa hilo peke yake. Mkataba usio na bima nyuma siku kampuni ikifilisika umebaki na karatasi.

Kwa hiyo nyota tatu kati ya tano. Moja nimekata kwa ile sentensi ya ratiba, moja kwa kipengele cha hozi. Ungeniuliza kabla ya lile dai la giaboksi ningetoa mbili.

Wanaofikiria kuvunja: mingi ina siku za mwanzo za kurudisha na kupata hela yote kama hujaomba malipo, siku 30 ni kawaida, baada ya hapo wanarudisha kwa hesabu ya muda au kilomita zilizobaki, wanakata ada na chochote walichokulipa, na kama ulinunua ndani ya mkopo wa gari hela inarudi kwa aliyekukopesha, haiji mkononi. Ukiuza gari unaweza kumhamishia mnunuzi kwa ada, ila ndani ya siku chache baada ya kuuza na kwa mnunuzi binafsi, siyo dilaa, na wanataka akabidhiwe na risiti zote za servisi maana majukumu yanahama na gari. Angalia na kilomita zinahesabiwa kuanzia wapi, kuna unaosema miaka 5 au kilomita 100,000 kuanzia siku ya kusaini, na kuna unaohesabu kuanzia sifuri siku gari ilipouzwa mara ya kwanza, huyu wa pili ukiwa na gari ya kilomita elfu sabini umenunua elfu thelathini tu. Na kama waranti ya kiwandani bado ipo uliza mkataba unaanza lini, maana ukianza leo utakuwa unalipia miezi ambayo kiwanda kingekutengenezea bure.

Kuna aliyeniuliza kama anaweza kubadilisha saizi ya tairi au kunyanyua gari akiwa na mkataba. Fungua orodha ya visivyolipwa tafuta marekebisho. Kwenye wangu ukinyanyua, kila kitu cha chini kuanzia shafti za magurudumu mpaka stelingi kinatoka, na programu ya kompyuta ya injini ikiguswa injini na giaboksi vinatoka pia.